Nyota za Mhakiki na Umri wa Mwanao

Hotuba kwa wazazi na walezi wa wanafunzi wa sekondari, Dar es Salaam

Mwalimu Mkuu, Mwenyekiti wa kamati ya wazazi, walimu, wazazi na walezi wenzangu: wakubwa shikamooni, na wengine wote hamjambo.

Barua ya mwaliko iliniomba nizungumzie "zile filamu za mapenzi zenye vitisho". Nimeipenda hiyo lugha, imepiga palepale. Ni zile filamu ambazo watu wanavuana nguo nusu saa ya kwanza na kuwindana kwa visu nusu saa ya mwisho. Marekani zilitamba sana miaka ya 1980 na 1990, zikapungua kwenye majumba ya sinema, na sasa zimeingia nyumbani kwetu kupitia simu bila kupiga hodi.

Mimi kazi yangu ni kuhakiki filamu. Tukikutana msibani, harusini, hata kwenye daladala, wazazi huniuliza swali lilelile: "Ile picha nzuri?" Nikijibu nzuri, mzazi anaelewa kwamba watoto wanaweza kuiona. Nikijibu mbaya, anaelewa kwamba ina uchafu. Ukweli ni kwamba mhakiki na mzazi wanakaa mbele ya skrini moja kila mtu akitafuta lake, na mara nyingine kilekile anachokisifu mhakiki ndicho kinachomnyima mtoto usingizi. Nitawaonyesha hilo kwa kutumia filamu ambayo wengi wenu mliiona enzi za kanda za video, Fatal Attraction. Naona wanaotabasamu. Msijifiche, sote tulikuwepo.

Kwa walimu vijana ambao walikuwa hawajazaliwa, filamu hii ilitoka Marekani Septemba 1987. Aliyeiongoza ni Adrian Lyne, Mwingereza aliyeanzia kwenye matangazo ya biashara, na utaalamu huo unaonekana katika kila taa na kila pazia. Michael Douglas anaigiza Dan, mwanasheria wa New York, mwenye mke mzuri na binti wa miaka sita. Mke na mtoto wanasafiri mwisho wa wiki. Dan analala kwa Alex, mhariri wa kampuni ya vitabu, anayeigizwa na Glenn Close. Jumatatu Dan anataka maisha yarudi kama yalivyokuwa. Alex hakubali kuachwa kama tikiti iliyokwisha kutumika. Anapiga simu usiku, anasema ana mimba, anamwagia gari tindikali, anafika mpaka nyumbani. Mambo mengine nitayagusa mbele.

Kibiashara ilikuwa tetemeko. Iliongoza mauzo ya sinema Marekani wiki nane mfululizo, na kwa dunia nzima ikaingiza takriban dola milioni 320, wakati gharama ya kuitengeneza ilikuwa dola milioni 14 hivi. Jarida la Time liliiweka kwenye jalada lake. Tuzo za Oscar ziliipa uteuzi wa vipengele 6, pamoja na filamu bora, mwongozaji bora na mwigizaji bora wa kike, ingawa usiku wa tuzo ilirudi nyumbani mikono mitupu. Mzazi akisikia uteuzi 6 wa Oscar atasema hii ni kazi ya heshima, acha vijana wajifunze sanaa. Hapo ndipo tunapoteleza.

Wahakiki wenyewe hawakukubaliana. Roger Ebert wa Chicago, pengine mhakiki aliyesomwa na watu wengi kuliko wote nchini mwake, aliisifu kwa kumshika mtazamaji tangu mwanzo, kisha akailaumu vikali kwa dakika zake za mwisho, akisema watengenezaji walitupa akili ya wahusika na kuleta vitisho vya filamu za kuchinjana. Pauline Kael, mhakiki wa jarida la The New Yorker, aliona ndani yake woga wa wanaume mbele ya wanawake wanaojitegemea. Mwaka 1991 Susan Faludi, katika kitabu chake Backlash, aliifanya filamu hii kuwa mfano mkubwa wa jinsi Hollywood ilivyokuwa ikimwadhibu mwanamke asiyeolewa na mwenye kazi yake. Wengine, kwa kuwa ilikuwa miaka ya mwanzo ya UKIMWI, waliisoma kama onyo: lala nje usiku mmoja, mauti yakufuate nyumbani.

Haya ni mabishano mazuri na mimi nayapenda. Lakini angalieni, hakuna hata mmoja kati yao aliyekuwa anajibu swali la mzazi. Ebert aliudhiwa na mwisho kwa sababu uliharibu usanifu. Hakuwa akijiuliza mtoto wa darasa la saba atalala vipi.

Sasa twende kwenye tukio lenyewe, mnajua lipi. La sungura.

Mtoto wa Dan amenunuliwa sungura. Familia inarudi nyumbani. Mama anaingia jikoni, anakuta sufuria kubwa inatokota jikoni na hakuna aliyeiacha pale. Nje, mtoto anakimbilia kwenye kibanda cha sungura wake. Kamera inakwenda kwa mtoto, inarudi kwenye sufuria, inakwenda kwa mtoto, inarudi. Mama ananyoosha mkono kwenye mfuniko. Mtoto anachungulia kibandani. Mama anapiga ukelele jikoni na mtoto naye analia nje, sauti mbili kwa pamoja.

Kwa mhakiki hilo ni somo la uhariri, na uhariri ulikuwa mmoja wa vile vipengele 6. Hakuna kisu kinachoonekana, hakuna mnyama anayechinjwa mbele yetu, kazi yote inafanywa na mkasi wa mhariri na akili ya mtazamaji. Mimi nikifundisha uhariri naitumia. Sasa muweke mtoto wa miaka tisa mbele ya kitu hicho. Kitu anachokiona si uhariri. Ameona kwamba jiko la mama linaweza kuingiliwa, kwamba kitu anachokipenda kinaweza kuwa ndani ya sufuria, na kwamba mama amepiga kelele na hana la kufanya. Kadiri tukio lilivyohaririwa kwa ustadi ndivyo linavyomwumiza zaidi. Filamu iliyotengenezwa hovyo isingemfikia hata nusu.

Mzazi wa Kiswahili (na mimi nimo) ana desturi moja: tukio la kitandani likianza, tunakohoa, tunatafuta rimoti, tunamtuma mtoto akalete maji. Fatal Attraction ina matukio hayo, tena hayana haya. La kwanza liko kwenye sinki la jikoni na bomba linamwaga maji, jingine ndani ya lifti. Mtoto atatumwa maji mara mbili. Kisha anaitwa arudi kukaa, maana "pale pabaya pamepita", na anarudi kwa wakati kushuhudia mwanamke aliyejikata mishipa ya mikono kwa sababu mwanamume anataka kuondoka, na mwanamume huyo anabaki kumhudumia.

Hilo kwangu ndilo tukio la hatari kuliko yote kwa kijana wa miaka 14, 15, 16. Kitanda ameshakisikia kwenye nyimbo za bongo fleva asubuhi akipiga pasi sare. Lakini kumwona mtu anajidhuru, na kuona kwamba kujidhuru kulifanya kazi, kwamba yule aliyekuwa anaondoka alivua koti akabaki, ni somo ambalo sitaki mwanangu alipate akiwa peke yake saa tano za usiku. Sisi hatukohoi pale. Tunamwambia akae vizuri aangalie, picha inanoga.

Halafu kuna mwisho. Wengi hawajui kwamba filamu hii ilikuwa na mwisho mwingine kabisa. Mwisho wa awali, ambao ulipigwa picha ukakamilika, Alex anajiua kwa kisu chenye alama za vidole vya Dan, na Dan anakamatwa na polisi. Mke ndiye anayekuta kanda ya sauti yenye ushahidi wa kumwokoa. Filamu ikaonyeshwa kwa watazamaji wa majaribio na hawakuutaka. Walitaka mwanamke yule aadhibiwe. Studio ikatoa dola milioni 1.3 hivi, wakarudi kupiga picha upya. Glenn Close alikataa, akabishana nao kwa muda, maana kabla ya kuigiza alikuwa amepeleka muswada kwa madaktari wa akili na kwake Alex alikuwa mgonjwa mwenye historia ya kuumizwa. Mwishowe alikubali. Sasa Alex anaingia bafuni na kisu, Dan anamzamisha kwenye beseni la kuogea, tunadhani amekufa, anaibuka, na mke anampiga risasi. Picha ya mwisho kabisa ni picha ya familia kwenye fremu. Baba, mama, mtoto, wanatabasamu.

Taarifa za wakati ule zilisimulia watu wakipiga kelele kwenye sinema kwamba auawe. Wale ni watu wazima, waliolipa viingilio. Nawaambia wazazi wenzangu, hapo ndipo filamu hii inapokuwa ya watu wazima hasa, kuliko pale kwenye sinki. Mtu mzima anaweza kutoka nje akajiuliza: ngoja kwanza, aliyevunja ndoa ni nani, mbona yeye ndiye amebaki kwenye fremu? Faludi aliuliza hilo kurasa nyingi. Mtoto haulizi. Mtoto yuko upande wa steringi, na steringi kashinda. Binti anaondoka na picha kwamba mwanamke akipenda sana ni kichaa wa kuuawa, mvulana anaondoka akijua kwamba baba akiteleza watakaolipa ni wengine.

Glenn Close, niongeze kando, alikihifadhi kile kisu cha maigizo, akakiweka kwenye fremu akakitundika jikoni kwake. Ila pia mdogo wake wa kike alikuja kugundulika kuwa na ugonjwa wa akili, na Close akaanzisha shirika la kupambana na unyanyapaa wa maradhi hayo. Amesema hadharani kwamba angepelekewa mhusika huyo tena angemtazama kwa namna nyingine. Mwigizaji mwenyewe alihitaji miaka mingi kuielewa filamu yake. Sisi tunataka mtoto aielewe Jumamosi moja.

Nije kwenye herufi na namba, kwa sababu wazazi wengi mnazitegemea na mna haki. Marekani ilipewa R, kifupi cha "Restricted". Utaratibu huo ulianza Novemba 1968, na wanaoketi kuzipima filamu ni wazazi wenye watoto, majina ya wengi wao hayatangazwi. Hawahojiwi kama filamu ni nzuri. Wanaulizwa wazazi wengi wenzao wangeionaje. Lakini R ya Marekani haimzuii mtoto: inasema tu aliye chini ya miaka 17 aje na mzazi au mtu mzima. Mtoto wa miaka minane anaingia halali akiwa ameshikwa mkono na baba yake. Uingereza ileile filamu ilipewa 18, na hapo hata uje na ukoo mzima, mwenye miaka 17 anabaki nje.

Vuka mpaka uende Kenya, neno hilohilo la "Restricted" likitoka kwa bodi yao ya kuainisha filamu maana yake ni kwamba filamu haionyeshwi, haiuzwi, haisambazwi. Ndivyo ilivyofanywa Fifty Shades of Grey Februari 2015, na The Wolf of Wall Street mwaka mmoja kabla. Kwa hiyo herufi moja kwa Mmarekani ni "njoo na baba", na kwa Mkenya ni "haiingii nchini". Mtoto wako anapokwambia "mama, hii imeandikwa R tu", muulize R ya wapi.

Kwetu tuna Bodi ya Filamu na tuna Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza, namba 4 ya mwaka 1976, inayotaka filamu ikaguliwe kabla ya kuonyeshwa kwa umma. Sheria hiyo ilitungwa wakati filamu inasafiri ndani ya madebe ya chuma na unaweza kuisimamisha bandarini. Leo kijana anakwenda na flashi kwenye banda la muvi, anajaziwa filamu ishirini kwa bei ya soda chache, nyingine zimetafsiriwa kwa sauti ya DJ. Kwenye kibanda umiza ukutani kuna ratiba ya mechi na kiingilio, umri haujaandikwa popote, na watoto ndio wanaokaa mbele kwa sababu ni wafupi. Siwalaumu wenye vibanda peke yao, wengi wetu tulijifunzia filamu humohumo. Tena mtafsiri mahiri akilifikia tukio la kitandani anatia utani mpaka banda zima linacheka, na pengine kicheko hicho ni salama kuliko ukimya wa sebuleni kwetu. Tatizo ni kwamba akifika kwenye kisu anatia utani vilevile.

Sasa upande wa pili, filamu waliyoiponda wahakiki. Mwaka 2020, watu wako ndani kwa sababu ya korona, Netflix iliweka filamu ya Kipolandi iitwayo 365 Days. Bosi wa mafia anamteka msichana, anamfungia kwenye jumba, anampa mwaka mmoja ampende, na anampenda. Kwenye Rotten Tomatoes, ambako wanahesabu asilimia ya wahakiki walioipenda filamu, ilipata 0. Sifuri kabisa. Na ikawa miongoni mwa filamu zilizotazamwa sana nchi nyingi mwaka ule. Mabinti zetu waliiona, mkitaka kujua, waulizeni dada zao.

Mzazi anayesoma alama za wahakiki angesema sifuri imenilinda. Haikumlinda. Wengi wa wahakiki waliicheka kwa uigizaji mbovu, maneno ya kuchekesha, mandhari kama tangazo la manukato. Mtoto hana habari na uigizaji mbovu. Aliona nyumba nzuri, boti, nguo, na mwanamume anayeteka kwa sababu anapenda. Aliyesema jambo zito kuliko wote hakuwa mhakiki. Duffy, mwimbaji wa Wales, ambaye miezi michache kabla alikuwa ameeleza hadharani kwamba aliwahi kutekwa na kubakwa, alimwandikia barua ya wazi mkuu wa Netflix akisema filamu ile inapamba utekaji, ubakaji na biashara ya binadamu. Barua ile ingesomwa na kila mzazi ningefurahi, kwa sababu inafundisha swali la kuuliza: ndani ya filamu hii, anayeumiza watu anapata nini mwishoni?

Ukiuliza hivyo, filamu iliyoteuliwa mara 6 na filamu ya asilimia 0 zinajikuta kwenye kiti kimoja. Ya kwanza inampa mume fremu ya familia, ya pili inampa mtekaji bibi harusi.

Mwenyekiti aliniambia nisiondoke bila kusema la kufanya, na wazazi hawapendi mtu wa kuja kuwatisha na kuondoka. Kwenye king'amuzi na kwenye Netflix kuna namba ya siri, iwekeni, na isiwe mwaka wa kuzaliwa wa mtoto mwenyewe kwa sababu anaujua kuliko wewe. Zaidi ya namba, someni maneno madogo yanayoandikwa kando ya alama ya umri. Alama inakwambia 16 au 18, maneno yanakwambia kwa nini: ngono, ukatili, lugha, kujidhuru. Mama mmoja hapa anaweza kuvumilia matusi ila asivumilie kujidhuru kwa sababu anajua hali ya mwanawe mwaka huu. Hakuna bodi ya filamu duniani inayomjua mtoto huyo. Na kama kuna mhakiki unayemwamini, msome kwa ajili ya jioni yako na mwenzako, watoto wameshalala.

Jambo jingine, acheni kutuma watoto maji. Wanajua. Ukiona tukio limekushinda kulitazama nao, zima, sema "hii si ya nyumbani kwetu, na nitakueleza kwa nini", halafu ueleze kweli. Kwa baba zetu hili ni gumu, najua. Basi mpeni kazi hiyo shangazi au bibi, wao walikuwa na somo hili kabla ya sinema haijafika pwani, na hawakuwahi kuona haya kulifundisha.

Kuna swali lililoletwa kwa karatasi kabla sijaanza kuongea, limeandikwa vizuri sana: mwanafunzi wa kidato cha sita anataka kuandikia Fatal Attraction insha, mzazi amruhusu? Ana miaka 19, kwa hiyo jibu langu ni ndiyo, lakini asiitazame toleo la sinema peke yake. Ule mwisho wa awali ulikuja kutolewa kwenye kanda ya video. Autafute, auone baada ya ule wa bafuni, halafu aandike ni mwisho upi ulikuwa unasema kweli kuhusu Dan. Wa miaka 15 aliyeketi nyumba hiyohiyo angoje. Na kama wa miaka 15 ameshaiona kwenye flashi ya rafiki, mzazi usipige, kaa naye umuulize yule Alex alikuwa anaumwa nini.

Mwenyekiti, nakurudishia maikrofoni. Naona mama mwenye kitenge cha kijani amenyoosha mkono tangu nilipotaja sungura.